Uliza Tujibu: Nani anaila dunia kuliko mwenzake?

Toleo lililopita tuliandika mistari minne tu, pembeni kabisa ya ukurasa, kwamba mwaka 2025 Siku ya Kupitiliza ya Dunia iliangukia tarehe 24 Julai, yani kufikia siku hiyo binadamu wote kwa pamoja tulishakula kile ambacho dunia inaweza kuzalisha kwa mwaka mzima. Mistari minne tu jamani, lakini meseji zilizoingia mpaka simu ikaomba chaji mara mbili kwa siku. Nimechagua zile zenye nyama. Yule aliyeuliza kama majini nao wana unyayo wa ikolojia (yani eneo la ardhi na maji linalohitajika kumlisha mtu na kumeza uchafu wake) nimemruka, samahani ndugu yangu, sina vipimo vyao.

"Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Singida. Wanafunzi waliniuliza hiyo tarehe 24 Julai imetoka wapi nikababaika mbele ya darasa. Ni nani huyo anakaa na kalenda anahesabu dunia imeliwa kiasi gani?"

Mwalimu, shikamoo (na kama we ni kijana mwenzangu basi mambo vipi).

Tarehe hiyo inatoka kwenye hesabu ya unyayo, na kupima unyayo kulianzia Chuo Kikuu cha British Columbia kule Vancouver, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 90. Kulikuwa na profesa anaitwa William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel, Mswisi, ambaye ndo akaifanya hiyo kazi kuwa tasnifu yake ya udaktari akaimaliza 1994. Mwaka 2003 ikaanzishwa taasisi inaitwa Global Footprint Network na hao ndo walioanza kutunza daftari la nchi zote. Swali lao ni la kawaida kabisa, hata bibi yako shambani angeliuliza: watu hawa wote kwa kula kwao, kuvaa, kujenga, kuwasha taa na kuendesha magari, wanahitaji eneo kiasi gani la ardhi na maji ili vitu hivyo vizalishwe na uchafu wake umezwe? Eneo wanaligawa mafungu sita, mashamba, malisho, sehemu za uvuvi, misitu ya mbao na kuni, ardhi iliyojengwa, na fungu la sita ndo kubwa kuliko yote, msitu ambao ungetakiwa uwepo ili unyonye ile hewa ya kaboni tunayoitoa tukichoma mafuta, gesi na makaa ya mawe. Hilo peke yake ni kama asilimia 60 ya unyayo wote wa dunia.

Upande wa pili wa daftari wanaandika kilichopo, yani ardhi na maji yenye uwezo wa kuzalisha. Ukigawa kwa vichwa unakuta dunia ina kama hekta 1.5 kwa kila mtu na sisi tunatumia kama 2.6. Sasa chukua kilichopo, gawa kwa kinacholiwa, zidisha kwa siku 365, na ukitumia tarakimu zao zenye desimali nyingi kuliko hizi zangu za mkato unaangukia siku ya 205. Ndo 24 Julai hiyo.

Kwa wanafunzi waambie hivi: ni mshahara wa mwezi unaokata tarehe 17. Kuanzia hapo unakula kwa mali kauli, yani mkopo, kwa Mangi wa duka. Na Mangi wa dunia ni nani? Ni miti inayokatwa kabla haijakomaa, samaki wanaovuliwa wadogo, na hewa ya kaboni inayorundikana juu kwa sababu hamna msitu wa kuinyonya yote. Mangi huyu hana kelele, hakudai mlangoni, ndo maana tunamzoea. Wanahesabu kwamba tumeanza kukopa mwanzoni mwa miaka ya 70, kabla ya hapo mshahara ulikuwa unatosha mpaka mwisho wa mwezi na chenji inabaki. Mwaka 2020 tarehe ikasogea mbele mpaka 22 Agosti, na sio kwamba tulipata adabu, korona ilitufungia ndani.

"Nasoma chuo hapa Morogoro. Nimejaza kile kikokotoo cha unyayo cha intaneti kikasema watu wote wakiishi kama mimi itahitajika dunia moja na nusu. Mimi! Nakaa geto, msosi wangu wali maharage, naenda chuo kwa mguu. Lekchara anasema wastani wa Mtanzania ni hekta 1.2 tu. Nani muongo?"

Hamna muongo (dunia moja na nusu ni kama hekta 2.2 kwa mtu), ila vipimo viwili vimeanza sehemu tofauti. Hesabu ya nchi inaanzia juu: wanachukua takwimu za nchi, kilichozalishwa ndani, wanajumlisha kilichoagizwa nje, wanatoa kilichouzwa nje, kinachobaki wanasema hiki kimeliwa hapa, kisha wanagawa kwa vichwa vyote, kuanzia mtoto aliyezaliwa jana mpaka bosi mwenye magari manne. Kikokotoo cha mtu mmoja kinafanya kinyumenyume, kinashika wastani wa watu wengi kisha kinakupandisha au kukushusha kwa majibu yako, na hapo hapo kinakubebesha fungu lako la vitu vya umma, barabara, hospitali, jeshi, majengo ya serikali, ambavyo hukuvichagua ila vinahesabiwa vimejengwa kwa ajili yako. Ndo maana hata ukijaza kwamba unalala chini ya mwembe na kula maembe yanayodondoka, namba haiendi sifuri.

Alafu maswali yenyewe yanakuuliza nyumba yako ina vyumba vingapi na nyama unakula mara ngapi, sawa, lakini jiko? We unapikia nini hapo geto? Mkaa, si ndio. Na chumba cha watu watatu mnagawana, je ulijaza kwamba mko watatu au ulijaza kama chumba chako peke yako? Nakuuliza kwa sababu mimi mwenyewe nilijaza vibaya mara ya kwanza nikajikuta tajiri.

Ila kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakishtukii, nacho ni hiyo hekta yenyewe. Sio hekta ya kupimia shamba. Wanaiita hekta ya kidunia, ni hekta ya kufikirika yenye rutuba ya wastani wa dunia nzima. Chukua mahindi. Familia inakula tuseme kilo 600 kwa mwaka. Wastani wa mavuno duniani unakaribia tani 6 kwa hekta, kwa hiyo mahindi yenu yanahesabiwa kama sehemu moja ya kumi ya hekta, kisha inazidishwa kama mara mbili na nusu kwa sababu shamba ni ardhi bora kuliko wastani, mnapata kama robo hekta ya kidunia. Kwa mkulima wetu wa jembe la mkono ambaye anapata tani moja na nusu au mbili kwa hekta, mahindi yale yale yamekula ardhi halisi mara tatu mpaka nne ya ile sehemu moja ya kumi. Sasa unaona? Kilo moja ya mahindi ina unyayo ule ule awe amekula mtu wa Iowa kule Marekani au wa Iringa, lakini msitu uliofyekwa ili shamba lipanuke Iringa hauonekani kwenye mfano wangu, unajificha kwenye safu nyingine ya daftari, ile ya kilichopo.

Kwa hiyo ukitaka kujilinganisha na mwenzako tumieni kikokotoo kimoja, mjaze siku moja, msidanganyane kuhusu nyama. Zaidi ya hapo usikose usingizi.

"Nauza chakula Temeke. Alikuja kijana wa semina na fulana nzuri akasema sisi mama lishe tunaimaliza dunia na mkaa. Mwanangu mimi tangu nizaliwe sijapanda ndege. Hiyo haki kweli?"

Mama, shikamoo. Nitakujibu kwa urefu maana swali lako limekaa kwangu wiki nzima.

Kwanza haki yako nikupe mbele. Mtanzania wa kawaida, ukichukua mafuta na gesi na makaa ya mawe yote yanayochomwa nchini ukagawa kwa vichwa, anatoa kama robo tani ya kaboni dioksaidi kwa mwaka. Mmarekani anatoa kama tani 14. Mtu mmoja akiruka Dar kwenda London na kurudi, kwenye kiti cha kawaida kabisa nyuma ya ndege, fungu lake ni tani moja na ushee. Yani safari moja ya likizo imepita miaka minne ya mtu wa kawaida wa hapa. Mwaka 2015 shirika la misaada la Oxfam walitoa hesabu kwamba asilimia 10 ya watu matajiri zaidi duniani ndo wanaosababisha kama nusu ya hewa chafu inayotokana na matumizi ya watu, na nusu nzima ya binadamu, wale wa chini, wanagawana kama asilimia 10 tu. Wewe uko kwenye lile kundi la pili mama, na yule kijana ukimuuliza semina yake ilifanyika hoteli gani na alifikaje huko, mtaelewana.

Na tukiwa hapo hapo, hili neno la unyayo wa kaboni, lile la kumfanya kila mtu ajipime mwenyewe na kujilaumu mwenyewe, unajua nani alilitangaza sana? Kampuni ya mafuta, BP. Mwaka 2004 waliweka kikokotoo chao kwenye intaneti ili watu wajue unyayo wao. Muuza mafuta anakuuliza wewe mnunuzi umechafua kiasi gani. Nacheka mpaka leo.

Sasa nikugeuzie upande wa pili, na usinikasirikie. Baada ya kusoma meseji yako niliamua nipime mkaa wa kwangu nyumbani. Tuko watu watano. Mkaa tunanunua kwa kopo, lile kopo la rangi la lita nne, kwa muuzaji wa kona ambaye huwa analijaza na kilima juu kama ni mteja wake. Nilibeba kopo mpaka kwenye mizani ya duka la nafaka, yule dogo wa dukani akanitazama kama nimechanganyikiwa, akauliza dada unauza mkaa siku hizi? Nikaandika kila siku kwa siku saba. Siku ya maharage inapanda, siku ya chapati inapanda zaidi, siku ya chai na mihogo inashuka. Wastani ukaja kilo moja na nusu kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni kama kilo 550.

Kilo 550 sio nyingi, ndo nilivyofikiri. Tatizo ni tanuri. Mkaa wetu unachomwa kwenye tanuri la udongo kule porini, magogo yanafukiwa yanaachwa yafuke siku kadhaa, na sehemu kubwa ya ule mti inaondoka na moshi. Kupata kilo moja ya mkaa zinateketea kilo sita mpaka kumi za mti, na tanuri likipasuka zaidi ya hapo. Nikachukua nane. Jikoni kwangu kwa mwaka zinapita zaidi ya tani nne za miti! Na msitu wa miombo, ule ambao ndo unaopikia Dar kuanzia Pwani, Morogoro, Lindi mpaka Tanga, unakua polepole, ukisema unaongeza tani moja na nusu ya miti kwa hekta kwa mwaka hujaupunja sana. Gawa. Ni kama hekta tatu, ekari saba na kitu, hizo zinatakiwa zisimame zikikua mwaka mzima kwa ajili ya jiko langu moja tu. Mimi sina hata ekari moja. Nina vyumba viwili na baraza.

Hesabu hii ya kwangu ni ya vidole, mtaalamu wa misitu ataikosoa, na ni hekta halisi sio zile za kidunia nilizomweleza mwanafunzi. Lakini ilinifanya nikae chini.

Kwa hiyo jibu langu: dunia, hapana mama, hujaimaliza wewe. Ila msitu wa Kisarawe hauli moshi wa ndege ya London, unaliwa na makopo yetu, langu na lako la biashara ambalo najua ni magunia. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja kwamba tunapoteza kama hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, na mkaa sio sababu pekee, kilimo kinafyeka sana, ila wote wawili wanafanya kazi bega kwa bega: mmoja anakata, mwingine anapanda mahindi palepale. Alafu tumeongezeka. Sensa ya 1967 tulikuwa milioni 12.3, sensa ya 2022 tukawa milioni 61.7, na nchi ni ile ile kilomita za mraba 945,000 na maziwa ndani yake. Zamani ilikuwa inatoka karibu hekta 8 kwa mtu, leo ni moja na nusu. Ndo maana kwenye lile daftari Tanzania nayo inaonekana inatumia zaidi kidogo ya kile ardhi yake inachotoa, ingawa mtu mmoja mmoja anatumia kidogo. Watu wanashindwa kuelewa hilo wanadhani ni kosa la uchapaji.

Nchi imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu kupikia nishati safi ifikapo 2034. Sawa. Ila mtungi wa gesi unalipwa wote kwa mkupuo na kopo la mkaa unalipa kila asubuhi kwa hela ya asubuhi hiyo, na mama lishe anaishi kwa hela ya asubuhi. Yule kijana angekuja na mtungi wa kulipa kidogo kidogo, wala asingehitaji semina. Kwa sasa jiko la mkaa lenye udongo mzito ndani, maharage yaliyolowekwa usiku kucha, na mfuniko. Mfuniko mama! Nimeona masufuria wazi Temeke nzima.

"Mimi ni mtu wa Kilifi, nafanya kazi ya ulinzi hapa Doha mwaka wa tano. Nimesoma kwamba Qatar ndio inaongoza dunia nzima kwa unyayo mkubwa. Je na mimi unyayo wangu ni wa Qatar? Tunalala watu sita chumba kimoja na hela yote natuma nyumbani."

Kaka yangu, pole na jua. Swali lako ni zuri kuliko yote yaliyokuja.

Kwenye hesabu, ndiyo, uko ndani. Qatar inatajwa kwenye hekta 13 au 14 za kidunia kwa mtu, kiasi kwamba dunia nzima ingeishi hivyo Siku ya Kupitiliza ingekuwa mwezi wa pili. Na wakigawa wanagawa kwa kila aliye ndani ya mipaka. Sasa kumbuka kwamba karibu watu tisa kati ya kumi hapo ni wageni kama wewe. Yani wewe na wale wenzako watano wa chumbani mmetumika kuushusha ule wastani! Bila nyinyi namba ya Qatar ingetisha zaidi, na bila wastani huo wewe usingeitwa mla dunia. Hii ndo shida ya wastani, mmoja akila kuku mzima na mwenzake akilala njaa daftari linaandika kila mtu kala nusu.

Ila tusidanganyane, umebadilika kidogo tangu utoke Kilifi. Kiyoyozi cha chumbani hakizimwi, na huwezi kukizima mwezi wa saba ukabaki mzima. Maji unayooga ni ya bahari yaliyochujwa chumvi mitamboni, nchi nzima inategemea hayo, na mitambo inakula gesi. Basi la kwenda kazini, jengo la vioo unalolilinda ambalo linapozwa usiku kucha halina mtu zaidi yako na paka, hivyo vyote viko kwenye daftari. Umevitumia? Umevitumia. Umevichagua? Hapo ndo patamu. Ukirudi Kilifi kwa likizo ukikaa barazani na upepo wa bahari, ni mtu yule yule, tabia ile ile, lakini unyayo umeshuka kwa sababu tu ya mahali ulipokaa. Kuna sehemu ya unyayo ni ya mtu na kuna sehemu ni ya mji uliokubeba, na vikokotoo havitenganishi vizuri.

Ile gesi yao wanayoiuza kwa meli usiihesabu kwako wala kwa Doha, ikichomwa Japani inaandikwa Japani.

Na hiyo hela unayotuma nyumbani, kama inajenga nyumba ya tofali na bati na inanunua friji na bodaboda, basi unyayo unakua Kilifi. Sikulaumu, mama yako anastahili friji. Nakuambia tu hesabu inavyokwenda. Watu wakisoma kwamba Mkenya ana kama hekta moja tu wanasema hongereni Wakenya mnatunza mazingira, na mimi nauliza, mtu anayelala giza ametunza nini? Kuna wenye unyayo mdogo kwa sababu wamekosa, na hao wanataka uongezeke, na wana haki hiyo.

"Sisi hufunga roses hapa Naivasha zinaenda Ulaya. Hiyo footprint ni ya Kenya ama ya mzungu anayenunua? Tulibishana kazini mpaka supavaiza akaja."

Ni ya mzungu. Kanuni ni ile niliyompa mwanafunzi wa Morogoro, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka, kwa hiyo waridi likishapanda ndege linatolewa kwenye daftari la Kenya na kuandikwa huko linakoishia kwenye vesi. Mshindi wa ubishi achukue soda yake.

Lakini mwambieni supavaiza kwamba maji hayapo kwenye daftari hili kabisa. Wala dawa za kunyunyizia. Wala kushuka kwa ziwa. Unyayo wa ikolojia unapima eneo, haupimi lita wala sumu. Ilibidi Mholanzi Arjen Hoekstra mwaka 2002 aje na kipimo kingine, unyayo wa maji, na yeye na wenzake wakayapima hayo hayo maua yenu ya Naivasha wakapata lita 7 mpaka 13 kwa kila shina moja la waridi. Eneo limehamia Ulaya kwenye karatasi, maji yametoka kwenu.

"Njo Goma hapa. Tunasikia kila siku asema Kongo ni mapafu ya dunia, na kwa hiyo hesabu yenu sisi ndio tunadai dunia. Mutuambie, nani atatulipa? Hapa bei ya makala inapanda tu."

Ndugu wa Goma, karibu kwenye safu (wasomaji wa huku, makala kwa wenzetu ni mkaa, sio makala hii unayoisoma).

Ni kweli, kwenye daftari Kongo iko upande wa wanaodai. Mtu mmoja anatumia kama robo tatu tu ya hekta ya kidunia na ardhi yake inampa zaidi sana ya hiyo. Ukilinganisha na Mmarekani, yeye anatumia kama hekta 8 wakati nchi yake, na ukubwa wake wote ule, inatoa chini ya nusu ya hapo. Lakini neno kudai lisikudanganye. Hamna benki, hamna siku ambayo Marekani inaamka na kutuma hela kwa sababu imepitiliza. Ni msemo wa wahasibu tu.

Na mnapunjwa hata kwenye kuhesabiwa. Daftari hili linahesabu faida ya mwaka, yani msitu umekua kiasi gani mwaka huu, halihesabu mtaji. Mwaka 2017 wanasayansi walichora ramani ya matope ya mboji yaliyo chini ya misitu ya maji katikati ya bonde la Kongo, nchi zote mbili, wakakuta humo kuna kama tani bilioni 30 za kaboni zilizolala kwa maelfu ya miaka. Kwenye unyayo wa ikolojia kaboni hiyo iliyolala haiandikwi popote, kwa sababu haikui haraka. Kazi yake ni kulala. Ikiamka ndo mtaisikia kwenye hesabu, tena upande wa hasara.

Makala yenu mnayapata wapi mnajua wenyewe, mengine yanatoka ndani ya hifadhi ya taifa ya Virunga na sio kwa ruhusa. Kwa hiyo nchi nzima inadai na mji wa Goma unakopa. Daftari la nchi halioni Goma, linaona bonde zima la Kongo limegawanywa kwa vichwa. Ndo yale yale ya Doha, ila kichwa chini miguu juu.

"Naitwa msomaji wa darasa la tano, dada yangu ananiandikia. Tuna kuku kumi. Je kuku wana unyayo?"

Swali tamu! Unyayo wa kuku umeuona kwenye vumbi, vidole vitatu mbele kimoja nyuma. Huo mwingine inategemea wanakula nini. Kuku wenu kama wanajitafutia, wanachakura wadudu, wanakula pumba na makombo ya ugali, basi unyayo wao ni mdogo sana, wanakula vitu ambavyo hamna mtu aliwalimia. Lakini wa kisasa waliofungiwa bandani wanakula chakula cha mfuko. Mwambie dada akufungulie mfuko mmoja mnuse: kuna mahindi, hilo ni shamba. Kuna mashudu ya alizeti, shamba jingine. Na ile harufu kali inayokufanya ukunje pua ni dagaa, mara nyingi wa Ziwa Victoria, waliokaushwa na kusagwa. Kuku wa hivyo anavua samaki kila siku na hajui hata ziwa liko upande gani.